Kumi Hadi Kumi na Tisa

Kwa miaka kumi na mmoja dada mmoja alifanya kazi katika chumba cha mafaili cha zahanati, na kazi hiyo aliipenda kwa sababu moja: mafaili hayaulizi maswali. Alikuwa na kigugumizi tangu utotoni. Shuleni walimwita Cherehani, maana neno likimkwama lilitoka ta-ta-ta-ta kama mtu anayeshona pindo. Ukubwani hakuna aliyemwita hivyo tena, ila masikio yake hayakusahau.

Mwaka aliotimiza arobaini na mbili, mama aliyekuwa akiita namba za wagonjwa ukumbini alistaafu. Muuguzi mkuu akawakusanya wafanyakazi, akauliza nani atashika nafasi ile. Kila mtu akaangalia viatu vyake. Ndipo mkono wa dada wa mafaili ukapanda.

"Wewe?" muuguzi mkuu akauliza, si kwa ubaya.

"K-k-kwani kuna mwingine?"

Watu wakacheka, naye muuguzi mkuu akacheka. "Haya, mama. Wiki mbili za majaribio."

Hakuwa akitafuta sifa. Juzi yake, dukani, binti yake alikuwa amemwagizia sabuni, akamjibia salamu ya jirani, akammalizia sentensi tatu, yote kwa mapenzi. Akajiona kama mtu anayeishi kwa mkalimani. Akasema moyoni, liwalo na liwe.

Siku ya kwanza, moja hadi tisa zilipita salama. Ikaja kumi. Hapo ndipo alipong'amua kitu ambacho hakukipigia hesabu: nyuma ya kumi zimejipanga kumi na moja, kumi na mbili, hadi kumi na tisa, zote zinaanza na K, na K ndiyo adui yake wa siku nyingi. Akasukuma. Mishipa ikamsimama shingoni, taya likakaza.

"K-k-k—"

"Kumi!" akapaza sauti mwanamume mwenye bandeji mguuni. "Ni mimi, mama, nishaelewa!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Namba zilizofuata aliziandika kwenye karatasi, akawa anaziinua juu kama refa anayetoa kadi. Nyumbani alishika tama hadi chai ikapoa.

Kesho yake mchana alikuwa na miadi chumba cha mazoezi ya viungo, kwa ajili ya bega lililochoshwa na mafaili. Mtaalamu wa pale alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mpenda vitabu vya hekima ya Tao, ile ya Uchina ya kale. Alimshika bega, kisha akamtazama usoni.

"Dada, bega lako halina neno leo. Taya ndilo limekaza. Unapigana na nani?"

"Na k-k-kumi," akasema, akamweleza yote.

Kijana hakummalizia hata neno moja. Dada alipomaliza, kijana akasema, "Mimi nikivuta goti lililokaza, nalo linanivuta. Nikilishika tu, nikangoja, lenyewe hulegea. Watu wa Tao wana jina la jambo hilo: kutenda bila kulazimisha."

"Yaani nisifanye k-kitu? Nilale?"

"Kulala ni kulala, dada. Hii ni kazi, tena ngumu. Fika kwenye neno, usilisukume, usilikimbie. Likikwama, kaa nalo hapo hapo."

Alitoka akiwa hajaamini sana. Lakini alikuwa ameshasukuma kwa miaka thelathini na sita, na mlango haujafunguka. Kujaribu kuacha kusukuma kungempunguzia nini? Jioni ile akamwita binti yake.

"Kuanzia leo usinimalizie. Hata nikichukua n-nusu saa."

"Lakini mama, nakuonea huruma."

"Nionee huruma kwa k... k... kunyamaza."

Binti akauma mdomo, akanyamaza. Wiki nzima kazini aliinua karatasi, na nyumbani walikula wakihesabu sahani, vijiko, vigae vya ukutani, kumi hadi kumi na tisa. Alipojisahau akasukuma, K ilimfungia. Alipolegeza taya na kuiachia pumzi itangulie, ilimchelewesha tu, kisha ikapita. Kuna siku alilia. Aliendelea.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Jumatatu ya wiki ya pili alisimama mbele ya ukumbi kabla ya namba yoyote.

"Jamani, nina k-kigugumizi. Namba za k-kumi zitanichelewesha. Mnivumilie, na msinisaidie. Sitamruka mtu."

Ilipofika, alitulia. Ukumbi ukatulia naye. K ikaja, ikakaa, mabega yake yakashuka. "K... kumi." Bibi mmoja mwenye fimbo akainuka taratibu, akasema, "Mimi pia mwendo wangu huu huu, mwanangu."

Kigugumizi hakikuondoka. Kumi na nne ilimtesa mpaka mwisho wa majaribio, na siku moja alisimama nayo muda mrefu hadi mtoto akauliza kama mama amelala. Lakini karatasi hakuzigusa tena, na muuguzi mkuu akampa nafasi ile moja kwa moja.

Miezi mitatu baadaye, katika kikao cha wafanyakazi, alinyoosha mkono kuomba viti zaidi, maana wajawazito walikuwa wakisimama. Hotuba ya dakika mbili ilimchukua saba. Msimamizi wa zahanati alitazama saa mara mbili. Yeye akaendelea hadi nukta. Viti ishirini vililetwa mwezi uliofuata, naye mwenyewe akavipanga, akianzia karibu na dirisha penye hewa.