Mama Thelathini na barua ya mawifi wawili

Saa nne na nusu asubuhi, ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri. Mwanamke wa miaka hamsini na miwili anahesabu siku kwa ncha ya kalamu kwenye kalenda ya ukutani. Anafika mwisho, anarudia. Kisha anavua miwani.

"Nani kawaambia leo ni siku ya ishirini na sita?"

Wateja wake wanatazamana. Ni mawifi wawili wenye kampuni changa ya kukodisha majokofu kwa wauza mboga. Mkubwa, fundi wa majokofu, anaonyesha cheti cha hisa. "Tarehe si hiyo hapo, mama?"

"Hiyo ni siku mliyochukua cheti. Hisa mlipeana siku nne kabla, mlipotia saini mkataba. Leo ndiyo ya thelathini, na ofisi ya kodi inafunga saa tisa."

Mshauri huyu wa kodi na hisa anajulikana kama Mama Thelathini, na jina hilo amelipata kihalali. Waanzilishi wengi hupata hisa zao kidogo kidogo, fungu moja kila mwaka. Sheria inawaruhusu kulipa kodi mapema, hisa zikiwa za bei ya chini, mradi barua yao ya kuomba hivyo ifike ofisi ya kodi ndani ya siku thelathini tangu wapewe hisa. Ukichelewa, unatozwa kila fungu linapoiva na kuwa lako, kwa bei ya siku hiyo, hata kama hujauza hisa hata moja.

Na wiki ijayo mwekezaji anaingia. Bei ya kila hisa itapanda mara arobaini. Fundi alishauza gari lake kuanzisha kampuni. Kilichobaki cha kuuza kulipia kodi hiyo ni nyumba aliyoachiwa na mamake.

"Wifi, si ulisema umehesabu?" anauliza.

"Nilihesabu, wifi yangu, ila nilianzia pabaya."

Mama Thelathini hawakemei. Yeye mwenyewe alikuwa mhasibu wa kampuni iliyomlipa nusu ya mshahara kwa hisa. Barua hakuijua. Kampuni ilipothaminiwa upya, alidaiwa kodi inayolingana na mshahara wa miaka mitatu, akauza kiwanja. Mwaka uliofuata kampuni ikafa.

"Nililipia kodi utajiri ambao sikuwahi kuushika," anasema huku akichapa. "Nililia wiki nzima. Halafu nikaona kulia hakurudishi kiwanja, nikaenda kusoma."

Alisoma jioni kwa miaka minne. Leo ana wateja sitini na mmoja, na wachache kati yao hulipa kwa wakati.

Barua inakamilika saa nane kasorobo. Haraka haraka haina baraka, walisema wahenga, lakini wao hawakuwa na barua ya kupeleka dirishani. Wanawake watatu wanashuka ngazi mbio, mmoja viatu mkononi.

Foleni ni ndefu. Zamu yao inapofika, karani ameshaanza kufunga faili zake.

"Mama, leteni kesho."

"Kesho ni ya thelathini na moja, baba. Saa yako na yangu zote zinasema bado dakika kumi na nne. Gonga."

Karani anaitazama saa, anacheka, anagonga muhuri.

Nje, mawifi wanakumbatiana mpaka wapita njia wanasimama. "Nyumba ya mama imepona!" analia fundi. Mama Thelathini anafuta macho yake pia, wala hajifichi.

Fundi anataka kumpa hisa, nusu asilimia. Kwa miaka kumi na mmoja mshauri huyu amezikataa hisa za kila mteja. Hutaka taslimu tu. Safari hii anakubali.

"Nipeni. Barua yangu itafika dirishani siku ya kwanza, asubuhi, kabla karani hajanywa chai," anasema. "Zikizaa, nanunua kiwanja. Zisipozaa, angalau sitakuwa nimelipia hewa kwa bei ya kiwanja mara ya pili."