Siku niliyojificha kwenye nyasi nikimwogopa mtu aliyekuwa ananitafuta (baiskeli, tambarare ya Mnazi, enzi za Ujamaa)

Wakuu, heshima kwenu. Wengi humu mna umri wa wajukuu zangu, kwa hiyo shikamoo zenu nimeshazipokea hata kabla hamjaandika.

Nimesoma ule uzi wa vijana wanaosafiri kwa baiskeli mikoani. Wana kofia ngumu, wana gari la maji nyuma, wana simu zinazoonesha location ya kila mmoja. Nikacheka peke yangu jikoni. Nami nina safari yangu, na hii sio chai. Nitaisema kama ilivyokuwa.

Ilikuwa miaka ile baada ya Azimio. Watu walikuwa wanatembea kwa miguu mkoa hadi mkoa kuunga mkono Ujamaa. Kikundi chetu cha vijana wa Lushoto kikasema sisi tutakwenda kwa baiskeli, mpaka Same, na kurudi.

Wasichana tulikuwa wawili tu. Mimi Eliza, binti wa Kilutheri kutoka Mlalo, na jirani yangu Zaituni, ambaye baba yake alikuwa analima kabichi na viazi kama baba yangu. Tofauti yetu ni moja, kwao wanakwenda msikitini, kwetu kanisani. Mengine yote tulikuwa tunagawana, hata chanuo.

Wazazi waligoma kwanza. Wakakubali baadaye, kwa shingo upande. Siku ya kuondoka mama yake Zaituni alitushika mikono yote miwili.

"Natoa wawili," akasema. "Sitaki kumwona mmoja akirudi ananieleza habari za mwenzake."

Hakutabasamu. Maneno yale yalinikaa tumboni safari nzima.

Niwaambie ukweli, mimi ni mtu wa wasiwasi tangu kuzaliwa. Marehemu mume wangu alikuwa anasema nikikosa la kuhofia nahofia kwa nini sina hofu. Na sisi Washambaa wa zamani tulilelewa tukiiogopa nyika. Mlimani kuna baridi, kuna maji, kuna watu. Kule chini, tuliambiwa, kuna homa, kuna simba, na nyasi hazina mwenyewe.

Kwenda tulikwenda salama. Ninayoisimulia ni siku ya kurudi.

Tuliondoka Ndungu asubuhi kuelekea Mnazi, chini ya milima yetu, tukiwa tumekusudia kuanza kupanda mlima kesho yake. Kiongozi wetu, ndugu Yohana, kijana mwenye miguu kama mchi, alikuwa na pampu ya kikundi. Pampu ilikuwa moja tu. Kabla hatujapanda baiskeli akatoa agizo.

"Ndugu zangu, mtu akipata shida apige ukelele, tutasimama."

Hakuna aliyeuliza swali. Wakuu, mliokulia milimani mtanielewa. Kwetu mtu anasimama mgongo huu wa mlima anamwita wa mgongo ule, kati yao bonde zima, na wanaongea habari za msiba mpaka wanaagana. Ukelele ndio ulikuwa simu yetu. Nani angefikiria kwamba simu hiyo ina mahali isipofanya kazi?

Jua likapanda. Njia ilikuwa ya mchanga, nyembamba, nyasi za manjano pande zote mbili zikifika kiunoni. Upepo ulikuwa unatupiga ubavuni. Kikundi kikaanza kuachana. Wenye nguvu mbele, mimi mkiani, na mbele yangu kidogo Zaituni na sufuria kubwa ya kikundi imefungwa kwenye keria, inagonga kila akipita shimo. Ile sufuria ilikuwa inaniudhi tangu Same.

Ilipopita saa sita mchana hivi tairi langu la nyuma likalala. Mwiba wa mgunga, mrefu kama sindano ya magunia.

Nikashuka. Nikapiga ukelele, mzuri kabisa, ule wa kuita watu wa ng'ambo.

Hakuna aliyegeuka.

Nikapiga tena. Nikaita jina la Zaituni mpaka koo likauma. Niliwaona kabisa, migongo yao ile pale, mashati meupe, na sauti yangu haifiki. Mlimani sauti inagonga ukuta wa pili inarudi kukuambia imefika. Kule ilitoka mdomoni ikaishia kwenye nyasi. Nyasi zenyewe zilikuwa zinapiga kelele kuliko mimi.

Nikawatazama wakiwa wadogo, kisha wakawa vidoa, kisha pakawa hakuna kitu.

Mnaojiandaa kuuliza kwa nini sikupanda hivyo hivyo na pancha, subirini. Ile ilikuwa baiskeli ya baba. Ndiyo iliyokuwa inapeleka kabichi sokoni. Baba alinipa kwa sharti moja, nisithubutu kuipanda tairi likiwa limelala, nitaua rimu. Kwa hiyo nikaanza kusukuma.

Nikasukuma. Milima yetu ilikuwa mbele kwa kulia, ya buluu, karibu kama ningeweza kuishika. Nikasukuma tena kwa muda mrefu, nikatazama, iko palepale. Hapo ndipo hofu ilipoanza. Maji yalikuwa yamebaki kwenye chupa kama ya kumeza mara mbili. Nikajiuliza, wakigundua sipo watarudi, au watadhani nimebaki Ndungu? Na ikiwa giza? Na mama Zaituni? Nikamwona amesimama mlangoni anatazama nani karudi.

Kisha nikakiona kitu.

Kilikuwa mbele, juu ya njia, kinakuja. Joto lilikuwa linachezesha macho, kwa hiyo kitu chenyewe kilikuwa kirefu, cheusi, hakina miguu. Mara kinaonekana kimoja, mara viwili. Upepo ukaniletea kipande cha sauti, kirefu, cha kulia, kikakatika. Fisi, nikasema. Au kitu kibaya kuliko fisi.

Sikufikiri zaidi. Nilivuta baiskeli nikaingia nayo kwenye nyasi, nikailaza, nami nikalala kifudifudi kando yake. Nikafumba macho kama mtoto anayedhani asipoona haonekani. Nikasali Baba Yetu, na nilipofika katikati nikasahau inaendeleaje, nikaanza upya.

Kikaja. Kikafika usawa wangu. Kikapita.

Na kilipopita kikagonga shimo, nikasikia sufuria.

Wakuu, sijui nieleze vipi. Ile sufuria niliyoichukia siku tatu. Niliinuka kama mtu aliyemwagiwa maji. Zaituni huyo anakwenda, mgongo wake, ushungi wake umevimba kwa upepo, anakanyaga pedeli kwa nguvu zake zote. Alikuwa amegeuza peke yake kunifuata, na sasa alikuwa anarudi nyuma kabisa kunitafuta mahali ambapo sipo.

Nikaita. Mnajua tayari ilivyokuwa.

Sasa hofu ikageuka sura. Mwanzo niliogopa nitapotea. Sasa nilikuwa namwona Zaituni anapotea kwa ajili yangu, anaingia ndani ya nyika na jua limeanza kuinama, na kila akikanyaga anaamini ananikaribia. Nikisimama pale, mmoja atarudi nyumbani na mmoja hatarudi, na mmoja huyo ni mimi.

Nikaitoa baiskeli kwenye nyasi, nikaipanda na tairi lililolala.

Baba anisamehe huko aliko. Rimu ilikuwa inagonga kila jiwe mpaka meno yananiuma. Tairi likachanika, likawa linapiga fremu. Spoku mbili zikakatika, nilisikia kila moja. Nikaendelea. Jua lilikuwa usoni, sioni vizuri, na kila nikiinua macho kile kidoa kipo mbele, hakikui. Yeye alikuwa na matairi mawili mazima. Nilijua siwezi kumfikia, na bado nilikanyaga, kwa sababu kusimama kulikuwa kubaya zaidi. Nilikuwa nalia kwa sauti na sioni aibu kuandika hivyo.

Kisha kidoa kikasimama.

Nilidhani kaanguka. Nilipokaribia nikaona baiskeli yake imelazwa chini na yeye yuko pembeni ya njia, ametandika kanga moja, ameinama.

Ilikuwa alasiri. Zaituni alikuwa anaswali.

Amevuka nyika peke yake, hajui rafiki yake yuko hai au ameliwa, na wakati wa swala ulipofika alishuka, akatayamamu kwa vumbi kwa kuwa maji hakuthubutu kuyamaliza, akasimama kuelekea kaskazini.

Nikashuka. Nikataka kumrukia. Lakini nililelewa naye nyumba kwa nyumba, najua mtu akiwa kwenye swala hakatizwi. Kwa hiyo nilisimama pale, hatua chache upande wake wa kulia, nimeshika baiskeli iliyokufa, napumua kama mbwa, nasubiri. Akainama. Akainuka. Akasujudu. Sijawahi kuona swala ndefu namna ile, na nadhani aliifupisha.

Mwishoni akakaa. Akageuza uso kulia kutoa salamu, na kulia kwake ndipo nilipokuwa.

Akaniona. Macho yalifunguka, mdomo ukatetemeka. Lakini hakuikata swala. Akageuza uso kushoto, akatoa salamu ya pili, akamaliza kama inavyotakiwa. Ndipo akaniangukia shingoni.

Tukalia mpaka tukachoka. Kisha akanishika mabega akanitazama nywele zilizojaa nyasi.

"Ulikuwa wapi wewe? Nimepita njia yote."

"Nilikuona," nikasema. "Nilikuogopa, nikalala kwenye nyasi. Nilidhani wewe fisi."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye kanga yake.

"Nakuita wewe, unasema fisi?"

"Zaituni, na kama nisingesikia sufuria? Ningebaki nimelala pale."

Akafuta machozi kwa pembe ya ushungi.

"Ningefika Ndungu nikukose, ningegeuza, ningepita tena," akasema. "Si njia ni moja? Ningekuwa napita na kurudi mpaka wewe uchoke kujificha."

Alisema hivyo kama mtu anayeeleza bei ya viazi.

Tulisukuma baiskeli zote mbili kuelekea Mnazi. Jioni ndugu Yohana na wenzake walikuja kutupokea, naye akachukua baiskeli yangu akaisukuma mwenyewe mpaka kijijini. Nyumbani tuliingia wawili.

Sasa somo, maana najua bila somo mtasema bibi kapoteza muda wenu.

Kupotea si vibaya sana. Ubaya ni kupotea halafu ukajificha. Nimeishi kutosha, nimeona watu wengi kwenye nyasi. Mtu kaachika, kafukuzwa kazi, anaumwa ugonjwa anaouonea haya, anazima simu na kufunga mlango, na kila anayekuja anamwona fisi. Simama njiani mwanangu, uonekane. Ogopa ukiwa umesimama.

Basi nimemaliza, uwanja ni wenu. Wa kunibishia abishe, wa Mnazi na Mlalo wanisahihishe njia. Ila kabla hujaandika chochote, mfikirie mtu mmoja ambaye angekupita, asikuone, akageuza akapita tena. Ukimpata, uniache mimi kwanza, ukampigie simu.