Karatasi Nyekundu ya Peremende

Nakumbuka jioni moja ya baridi hapa mtaani Jacobs, mwanangu, jioni uliyoamua kuzaliwa. Pupa yako hukuianza leo! Ambulensi ilikuwa bado njiani, umeme umekatika, na wewe huyo, umeshatoka na unalia.

Mimi, mdogo wake mama yako, ndiye niliyeshika tochi. Nilikuwa nimeifunga karatasi nyekundu ya peremende, maana nilisikia mwanga mkali unaumiza macho ya mtoto mchanga. Chumba kikapendeza, nikajiona fundi. Mama yako alilala kimya, anatabasamu, na shuka chini yake niliiona safi kabisa.

Lakini penye wazee haliharibiki neno. Koko Zawadi, bibi jirani yetu aliyekuwa mkunga kule Bukavu, aliitwa akaja mbio, kitenge kiunoni.

"Weye! Ni nani amevalisha tochi nguo?"

"Ni mie, Koko. Macho ya mtoto..."

"Macho ya mtoto iko muzuri. Damu ya mama yake utaiona na nini? Toa!"

Nikatoa. Eish, mwanangu! Shuka ile ile ilikuwa imelowa damu. Mwanga mwekundu ulikuwa umeificha yote. Koko akakaza mkono tumboni kwa dada yangu, akawa anasugua huku anamtania, kwamba bugali ya sherehe haijapikwa, asifikirie kwenda popote. Damu ikapungua, ikakatika. Nililia kwa furaha kukushinda wewe. Wa ambulensi walipobisha hodi, walitukuta tunaimba.

Wewe na mama yako mliporudi kutoka hospitali kesho yake, Koko alinirushia ile karatasi. "Sasa rudisha nyekundu yako. Mtoto alale." Ukalala kweli, mlafi wa usingizi wewe.

Leo nawe una tumbo, na umeniletea kutoka sokoni Warwick tochi yenye vioo vya rangi, unaringa nayo. Ringa, mama! Cha manjano weka nje barazani, wadudu hawakipendi sana. Cha kijani sijaijua kazi yake, na mumeo asijifanye anaijua. Chekundu washa ukinyonyesha usiku, mtoto asishtuke. Ila ukitaka kujua hali ya mtu, damu yake, upele wake, macho yake, vua rangi zote, hata kama mwanga utamkera. Afadhali alie akiwa mzima.

Mungu akupe uzazi mwepesi, akupe mtoto mwenye sauti kama yako. Na siku hiyo usihangaike: tochi nitaishika mimi.