Mteja wa Viondo Vyetu ni Mimi

Mhariri, nakuomba ufiche jina langu. Nanyi mnaosoma, msimtajie mtu yeyote hapa Thika habari hizi. Bosi akijua, sitamaliza siku.

Nina miaka ishirini na mitatu, ni karani, naishi Witeithie. Kampuni yetu inauza viondo, vile vikapu vya mkonge, ng'ambo. Mwaka huu bosi alisikia kuhusu matangazo ya intaneti: unachagua maneno, mtu akiyatafuta tangazo lako linatokea, akilibofya wewe unalipishwa. Nilimwambia kwa adabu tutumie neno la Kiingereza la kikapu, kwa sababu ndilo wageni hulitafuta. Alinicheka mbele ya wote.

"Kiondo ni kiondo. Weka 'kiondo Thika' na 'kiondo Ruiru'. Ama shule ilikuharibu?"

Niliweka. Lakini nani huko ng'ambo anaijua Ruiru? Wiki tatu hakuna aliyetafuta maneno hayo, na tangazo halikuonekana na mtu. Kila asubuhi bosi alisimama nyuma ya kiti changu.

"Dunia nzima, hata mtu mmoja hakuna? Basi kompyuta ni nzima, mgonjwa ni wewe. Ijumaa ikifika hivi, utaenda kwenu."

Alhamisi nilipita kwenye duka la kompyuta pale Ruiru, nikatafuta "kiondo Ruiru", nikabofya tangazo letu. Kesho yake bosi aliona kuna mtu amebofya, akanipigapiga begani. Tangu hapo anayebofya ni mimi, kila nikitoka kazini.

Sikujua bosi angefika mbali hivyo. Jumatatu alimwita mzee Kamau (si jina lake), ambaye kwa miaka mingi amebeba viondo vyetu hadi maduka ya watalii.

"Mzee, pumzisha miguu. Wazungu sasa wanakuja wenyewe kwa kompyuta."

"Wameagiza vingapi?" mzee akauliza.

"Bado wanaangalia. Uliza karani."

Mzee akanigeukia. Nikasema, "Ni kweli, wanaangalia." Akavua kofia, akaweka sampuli zake mezani, akaenda.

Namchukia bosi, lakini aliyemfukuza mzee ni mimi. Nikisema ukweli nitafutwa, na huenda mzee asirudishwe. Nishaurini, nifanye nini?

Msiniandikie ofisini, bosi hufungua barua zote. Jibuni hapa ukurasani, juu muandike "Kwa Karani" tu, na msitaje viondo. Gazeti hili hununuliwa na mzee Kamau. Macho yake yamechoka, na kila Jumapili mimi ndiye humsomea ukurasa huu wote.