Siku Ramani Iliposhindana na Kompyuta

Mume wangu alikufa kwa kuhara na kutapika, katika msimu ambao watu wengi wa Kisumu walikufa hivyo, mmoja huku, mwingine kule, na hakuna aliyeona kwamba walikuwa wakifa pamoja. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Wagonjwa walikuwa wameandikwa. Kila mmoja alikuwa na kadi yake yenye umri, tarehe na mahali anapotoka. Kadi zilifungwa kwa kamba, zikawekwa kabatini. Kisima kilichowaua kilikuja kujulikana baadaye, maji yalipopimwa, na wakati huo mimi nilikuwa mjane tayari.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Baada ya matanga nilipata kazi ya ukarani katika mradi mdogo wa afya pale mjini. Nilikuwa nimesoma hadi darasa la saba na kujifunza taipu kwa masista. Mradi ulikuwa ukitafuta chombo ambacho kingemsaidia muuguzi wa zahanati kuuona ugonjwa unapoanza, kwa macho, bila kusoma kadi mojamoja. Ofisini kulikuwa na watu watatu wenye majibu matatu. Bwana afya alitaka grafu ya kuchorwa kwa mkono kwenye karatasi ya miraba. Muuguzi mkuu, mama mnene mwenye kicheko kikubwa, alitaka ramani ya ukutani na pini. Kijana mmoja aliyetoka Nairobi alitaka kompyuta, ambayo ilikaa mezani kwake imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya bibi harusi.

"Ramani na pini ni mambo ya jeshi, mama," kijana alimwambia muuguzi. "Sisi hatuko vitani."

"Na hiyo televisheni yako," muuguzi akamjibu, "huko zahanati za ndani ambako stima haijafika, itavutwa na ng'ombe?"

Mabishano haya yaliendelea kila mkutano, mpaka chai ikapoa, mpaka daktari aliyesimamia mradi akachoka. Yeye alikuwa mtu wa ziwani kama sisi, mpole, lakini akikasirika alikuwa akivua miwani. Siku hiyo aliivua.

"Basi shindaneni," alisema. "Tutaita watu wasiokijua kile kisima. Tutawapa kadi zilezile za wagonjwa wa msimu ule. Chombo kitakachowafikisha kisimani, hicho ndicho nitakachokipeleka kila zahanati kabla ya mvua kubwa. Na kama hakuna kitakachowafikisha, msiniletee tena habari za michoro. Kadi zitarudi kabatini." Akanigeukia. "Mama, wewe ndiye utakayepanga. Wewe huna chombo unachokipenda."

Alisema kweli. Sikujali kama ni ramani au kompyuta. Nilichokataa moyoni ni kadi kurudi kabatini.

Nilianza kazi nikiwa na woga, lakini kadiri nilivyopanga ndivyo woga ulivyopungua. Kwanza niliona kwamba tukimweka muuguzi hodari kwenye ramani na mvivu kwenye grafu, atakayeshinda ni yule muuguzi, si ramani. Kwa hiyo niliamua washindani wapangwe kwa kura, kwa kuokota vizibo vya soda vyenye rangi kutoka ndani ya sufuria. Pili, niliandika maswali kabla, ili mtu asije akabadilisha swali baada ya kuona nani anaelekea kushinda. Ugonjwa ulianzia wapi? Ulianza lini? La tatu nililiongeza mwenyewe: kesho asubuhi utafanya nini? Daktari alilisoma hilo la tatu akaitikia kwa kichwa polepole. "Hilo ndilo swali," alisema.

Kabla ya siku yenyewe nilitaka tufanye jaribio dogo, sisi kwa sisi. Muuguzi mkuu akasimama mbele ya ramani, mimi nikamsomea kadi, yeye akachoma pini. Seme. Kombewa. Uyoma. Asembo. Nyakach. Tulisoma rundo zima. Pini zilitapakaa ukingo wote wa ziwa na kupanda milimani mpaka kwa jirani zetu Waluhya. Muuguzi akarudi nyuma, akaweka mikono kiunoni.

"Wacha wee! Mjini hakuna mgonjwa hata mmoja? Hongera Kisumu!"

Bwana afya akacheka. Kijana wa kompyuta akacheka zaidi, kwa kuwa ramani ilikuwa imeaibika. Lakini alipowasha mashine yake na kuziingiza kadi, nayo ikachora fito fupifupi zilizolingana, kila kijiji na watu wake wachache. Kicheko chake kikakatika.

Mimi nilikuwa nimeshika kadi ya mume wangu. Niliijua kabla ya kuisoma. Iliandikwa Kombewa, na ni mimi niliyejibu hivyo siku ile, kama ambavyo angejibu mtu yeyote wa kwetu. Huku mtu akiulizwa anatoka wapi, hutaja boma la baba yake, mahali atakapozikwa. Chumba cha kupanga mjini ni nyumba tu, ni mahali pa kulaza ubavu. Hata ukiishi humo miaka ishirini, hutasema unatoka humo. Mume wangu alikunywa maji ya Obunga, mtaa wa mabanda hapa mjini tulikopanga chumba, akaugulia Obunga, na Kombewa hakuwa amefika tangu Krismasi mpaka tulipomrudisha ndani ya jeneza. Ramani yetu haikuonyesha mahali watu walipougua. Ilionyesha mahali makaburi yao yalipo.

Nilisema hivyo, kwa sauti ndogo. Bwana afya akaenda kumwita daktari.

Daktari alipoitwa alitazama ramani kwa muda mrefu. "Hata mimi," alisema, "ukiniuliza natoka wapi, nitakwambia Uyoma. Na nalala Milimani, mtaa wa hapahapa mjini." Kisha akavua miwani. "Wageni wamekwisha alikwa, mama. Tuwaambie nini? Shindano tulivunje?"

"Tulisogeze mbele, daktari," nilisema. "Tukilifanya hivi, hakuna chombo kitakachowafikisha kisimani, na utasema michoro haifai. Haitakuwa kweli. Nipe nafasi tukawaulize watu upya."

"Tutawauliza nini?"

"Tutawauliza walikuwa wakilala wapi, na wakichota maji wapi."

Akakubali kulisogeza, lakini mara moja tu. Mvua haingetungoja.

Tuligawana kadi, muuguzi, bwana afya na mimi. Hata kijana wa Nairobi alivua viatu vyake vya ngozi akavaa gambuti. Tulipita Obunga, Migosi, Manyatta. Wengine walitupokea kwa chai, wengine kwa maneno.

"Leo ndio mnafika?" mama mmoja muuza mandazi alituambia. "Wakati tunakufa hamkuja. Sasa tumepona mnakuja kuuliza tunalala wapi. Mnataka kuja kulala?"

"Tukija, mama, utatupatia mandazi?" muuguzi akamuuliza.

"Kama mna ile dawa ya chumvi ya kuhara, pakiti moja tu, nitawapatia hata kitanda!" Akacheka mpaka akajifuta machozi, halafu akatuambia kila kitu, kisima kipi, foleni ipi, mtoto yupi.

Kadi moja ilibaki mikononi mwangu. Ningeweza kuibadilisha kimya kimya, kwani jibu nililijua, lakini sikutaka mama mkwe asikie kutoka kwa mtu mwingine. Alikuwa amekuja kunitazama Migosi, nilikohamia baada ya msiba. Nilimweleza baada ya chakula.

"Nyathina," aliniita, mwanangu, kama alivyoniita tangu siku aliyonipokea. "Unataka kumtoa mtoto wangu Kombewa umwandike Obunga? Kwenye chumba cha mabati cha mtu mwingine? Amefukuzwa kwao?"

"La, mama. Kaburi liko kwako, na hakuna atakayeligusa. Hii pini ni ya maji aliyokunywa."

Alichukua kikombe, akakiweka chini bila kunywa. "Na hiyo pini," aliuliza, "itamsaidia nani?"

"Yeye haitamsaidia. Nataka imsaidie mtoto wa mtu mwingine."

"Basi ichome," alisema. "Lakini mimi nikija huko ofisini kwenu, unionyeshe Kombewa pia."

Siku ya shindano wageni walikuja kutoka ng'ambo ya ghuba na kutoka milimani, wauguzi na maafisa ambao hawakuwa wamesikia habari za kisima chetu. Wakaokota vizibo kwenye sufuria kwa makelele kama ya harusi. Muuguzi mmoja mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akaangukia kompyuta.

"Yesu wangu! Hii kitu itanipiga umeme!"

"Haiumi, mama," kijana akamwambia. "Iguse tu."

"Hata yule ng'ombe aliyenipiga teke niliambiwa haumi," alijibu, na chumba kizima kikaangua kicheko. Kijana alimwonyesha vitufe, kisha nikamwomba atoke nje, kwa kuwa tulikuwa tunapima mashine na si yeye.

Meza ya grafu ndiyo iliyoinua mkono kwanza. Mstari wao ulikuwa umetambaa chini, halafu ukaruka ghafla, na wakataja siku ugonjwa ulipoanza, sawasawa kabisa. Wapi? Hawakujua. Yule mama wa kompyuta alikuwa amepata ufito mmoja mrefu uliozipita nyingine zote, akapiga kelele: "Obunga! Ni Obunga!" Alikuwa sahihi, na siku pia aliipata. Lakini Obunga ni kubwa, na mashine haikujua upande upi. Kesho asubuhi angefanya nini? Alifikiri, akasema angewatangazia watu wa Obunga yote wachemshe maji. Lilikuwa jibu zuri.

Meza ya ramani, ambayo sasa ilikuwa na ramani ya mji mtaa kwa mtaa, ilikuwa bado kazini. Nilisimama nyuma yao. Mmoja alisoma, mwingine alichoma. Pini zilianza kusongamana upande wa bondeni wa Obunga, mpaka vichwa vyake vikagusana. Msomaji akasoma kadi niliyoijua.

"Huyu naye ni wa hapahapa," alisema mwenzake, akitafuta pa kuchoma pini. "Nafasi imekwisha. Nitamtia kando ya hawa."

Akamtia. Sikulia. Niliona kitu ambacho msimu ule hakuna aliyekiona: walikuwa pamoja, na katikati yao palikuwa na alama ndogo ya buluu.

"Hii buluu ni nini?" mmoja aliuliza.

"Kisima," mwenzake akasoma. Kisha wote wawili wakageuka kwa pamoja, wakasema kwa sauti kana kwamba watu bado walikuwa wakinywa: "Kifungeni! Kifungeni hicho kisima!"

Muuguzi mkuu alipiga kigelegele kilichowatoa wapiga taipu wa ofisi ya jirani. Bwana afya alimkumbatia kijana wa Nairobi, na kijana akasema, "Haya, jeshi limeshinda." Daktari alivaa miwani yake, akaja akasimama mbele ya zile pini. Baadaye aliniomba niandike ripoti kwamba ramani ndiyo chombo bora. Niliandika kwamba ramani ilishinda kwa mahali, grafu kwa siku, na kompyuta ilijua vyote viwili kwa kadiri, na kwamba ramani na kompyuta hazikuona kitu mpaka tulipobadilisha swali la kwenye kadi. Aliisoma, akaitia sahihi bila kufuta mstari.

Ramani zilitoka mapema kuliko mvua, pamoja na kadi mpya, na karatasi ya miraba chini ya kila ramani. Nilizipeleka mwenyewe, na nyundo yangu mkobani. Mvua ilipokuja, zahanati moja ya huko ufukweni iliona pini chache zikisogeleana katika wiki moja. Hawakungoja nyingine. Jioni ileile kisima kilifungwa, na vijana wa kijiji wakachota maji ya kuchemshwa kwa zamu. Muuguzi wa hapo alitutumia ujumbe kwa dereva: wagonjwa wamekwisha rudi makwao, wote wanatembea.

Nilimwomba dereva aurudie ule ujumbe. Akaurudia. Wote walikuwa wanatembea.