Wifi Mvi na Mashine ya Kufyonza Vumbi

Wifi yangu anaitwa Mvi, na si kwa sababu ya uzee. Ana miaka arobaini na mitatu, na nywele zake akiziosha ni nyeusi kuliko zangu. Lakini tangu nimjue anafanya kazi kwenye mashine ya kusaga nafaka, na jioni akitoka pale unga umemkaa kichwani, kwenye nyusi, hadi kwenye vinyweleo vya mikono. Watoto wa mtaani walimpachika jina hilo akiwa bado msichana, naye akalipokea kama zawadi. "Mvi ni heshima," huwaambia. "Nyinyi subirini zenu."

Ni dada wa mwanamume aliyeishi nami miaka kumi na tisa kisha akabadilisha kufuli. Nilitoka sokoni na mboga mkononi, ufunguo ukagoma mlangoni, na ndani nikasikia kicheko cha mwanamke mwingine. Ukoo wao wote ulinyamaza. Mama mkwe alisema mbele ya watu kwamba mwanawe amevumilia vya kutosha, kana kwamba mimi nilikuwa jino bovu. Mvi peke yake ndiye aliyekuja na mkokoteni wa kukodi, akapakia godoro langu na cherehani yangu, akasema, "Kaka ndiye aliyekuacha. Mimi sijakuacha." Huu ni mwaka wa sita. Kaka yake sina msamaha wa kumpa, na wala sijautafuta. Lakini Mvi nikimtaja, namtaja kwa moyo mweupe.

Mwaka huu mama yao alianza kubanwa kifua. Anakaa peke yake kwenye nyumba ya vyumba viwili aliyoachiwa na marehemu mumewe, na sebuleni kwake kuna zulia limetandazwa ukuta hadi ukuta. Daktari alimsikiliza mgongo, akamwuliza anaishi vipi, akamwambia, "Bibi, vumbi la zulia hilo ndilo linalokukaba. Ama litoke lenyewe, ama utoke wewe."

Zulia lisingetoka. Marehemu mumewe alilibeba begani kutoka dukani na kulitandika kwa magoti yake mwenyewe, na kila mtu wa nyumba ile alijua kwamba ukiligusa umemgusa yeye. Basi mwanawe, yule aliyeniacha, akaona hapo ndipo pa kuingilia. Mama atakwenda kukaa kwake, chumba cha nyuma karibu na jiko, na nyumba ile itapangishwa. Alitaja na siku: Jumamosi, atakuja na pikapu.

Mama mkwe alimlilia Mvi. "Nikihamia kwa mke wake yule nitakuwa mgeni mpaka nife. Hata kikombe cha maji nitaomba."

Mvi hakubishana na mtu. Jumatatu alipotoka kazini alipita kwa muuza vyombo vilivyotumika, akakuta nyuma ya majokofu mabovu kitu cha duara chenye magurudumu mawili na mpira mrefu kama mkonga wa tembo.

"Hii si ile ya kufyonza vumbi?"

"Ndiyo hiyo, dada. Vakyumu. Ya nje hiyo."

"Inafanya kazi?"

"Inafanya. Inafanya dakika moja, halafu inapumzika."

"Inapumzika mpaka lini?"

"Mpaka itakapojisikia."

"Kumbe ni mwanamume," Mvi akasema. Muuzaji alicheka mpaka akashusha bei bila kuombwa, na hata beseni la kuibebea akamwazima.

Akaja nayo kwangu, kichwani.

"Wifi, umeokota maiti?" nikamwuliza.

"Maiti haina magurudumu."

"Lakini inanuka."

"Na wewe ungenuka, ungefungiwa stoo miaka kumi."

Nilipomwuliza ni ya nini, akaniambia. Nikasema kitu cha mama yake sikigusi, kila mtu abebe mzigo wake.

"Nani kakwambia uguse? Nishikie tu kifuniko hiki nifungue skrubu."

Hivyo ndivyo anavyomwingiza mtu kazini. Kabla jua halijashuka nilikuwa nimepiga magoti uani, wembe mkononi, nakata nywele zilizojisokota kwenye magurudumu. Nywele za watu wa aina zote, ndefu, fupi, nyekundu za kupaka, zimeshikana na nyuzi na ute mpaka zimekuwa ngumu kama kamba. Maandishi madogo ya ubavuni hatukuyasoma, mimi sikukaa darasani na Mvi alikaa kidogo. Tulifuata skrubu. Kila skrubu iliyotoka Mvi aliibandika kwenye kipande cha sabuni ya mche kwa mpangilio wa kutoka kwake, asije akakosea kurudisha.

Mpira ulikuwa umeziba. Tulisukuma kwa mpini wa ufagio, mimi nimeshika upande huu, yeye upande ule, kama watu wanaovutana kamba. Ghafla ukaachia, nikaanguka kwa makalio. Vikatoka kifungo cha shati, nusu ya kitana, mfupa wa kuku na jino la utoto.

"Nyumba ile walikuwa wanafyonza mpaka watoto," Mvi akasema. Nilicheka nikiwa bado chini. Sikumbuki mara ya mwisho nilipocheka nikiwa nimeanguka.

Vya plastiki tulivisugua kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, tukavianika kivulini. Sponji iliyokuwa nyeusi kama mkaa ilitoa maji meusi mara saba, mara ya nane ikawa ya njano. Mota hatukuitia maji. Mvi aliipangusa kwa burashi ya rangi, taratibu, kama anamfuta mtoto tongotongo. Ufa wa mpira aliuzungushia utepe mweusi wa umeme, na waya uliotafunwa na panya akaukata, akafunga plagi mpya.

Kulikuwa na jambo moja hatukulielewa. Ndani ya tumbo la mashine, pale vumbi linapoingilia, mwenye nayo wa zamani alikuwa amefunga mfuko wa plastiki wa dukani, kwa fundo la nguvu. Sisi tukadhani ndivyo inavyotakiwa. Tukatupa ule mchafu, tukafunga mwingine mpya, safi. Jumatano jioni tukawasha.

Ikalia vuuu, sauti ikapanda, ikawa nyembamba kama mbu aliyebanwa kwenye chandarua, ikazima. Ilikuwa ya moto huwezi kuishika. Tukaiacha ipoe, tukawasha tena. Ikafanya vilevile. Mvi akasema tujaribu bila mfuko kabisa. Safari hiyo ilivuta kweli, ikavuta majivu yote tuliyomwaga sakafuni kwa majaribio, kisha ikayatoa nyuma yote usoni kwangu.

"Sasa na wewe ni Mvi," akasema, lakini hakucheka sana. Mtu mwenye kifua kibovu ukimpulizia vumbi lile sebuleni, umemaliza kazi iliyoanzwa na zulia. Zilibaki siku mbili. Aliondoka bila kunywa chai, na wifi yangu haachi chai.

Alhamisi mchana nilikuwa nashona, nikasikia miguu inakimbia. Mvi huyo, mweupe pe, kope nyeupe, hata salamu hakutoa. "Twende."

"Wapi?"

"Twende, nimesema. Mashine nimeiacha inasaga peke yake, tajiri akija amenifukuza."

Pale kazini kwake, mahindi yakisagwa yanarushwa na upepo kwenye bomba, na mwisho wa bomba unaning'inia mfuko mrefu wa kitambaa, mrefu kuliko mtu. Mashine ikiwaka mfuko ule unavimba na kutikisika. Nimeuona mara mia bila kuutazama. Mvi alinishika mkono, akaubandika ubavuni mwa mfuko.

"Unasikia nini?"

"Upepo."

"Na unga?"

Niliutazama mkono wangu. Ulikuwa mkavu na safi.

"Wifi," akapaza sauti juu ya kelele, "upepo unatoka, unga unabaki! Upepo usipopata pa kutokea, unga unarudi nyuma na mota inaungua. Kitambaa kikiwa kizito inapaliwa. Kikiwa chepesi tunakula vumbi wote. Miaka ishirini na zaidi nabadilisha mifuko hii kwa mikono yangu, halafu naifunga mashine ya mama yangu kwenye plastiki! Mtu ukimfunga kichwa kwenye plastiki atapumua?"

Mteja mmoja aliyekuwa na debe lake alituuliza nani amefungwa kichwa. Tukaangua kicheko.

Mfuko wa zamani uliotolewa mwezi uliopita ulikuwa umekunjwa juu ya kigoda chake, anaukalia. Kitambaa cha pamba, marekani safi, iliyolainika kwa kufuliwa. Nyumbani nikaikata usiku haujaingia, nikashona mfuko mdogo kwa mshono wa kukunja mara mbili, mdomo wake nikautia lastiki ubane shingo ya mpira. Mvi akaujaza kikombe cha unga, akaweka mdomo wake, akapuliza, mimi nimeshika kitambaa cheusi cha kichwa upande wa pili. Ubavuni hapakutoka kitu. Kwenye mshono palitoka kamstari keupe.

"Matundu ya sindano," nikasema.

"Basi tumekwisha?"

"Tulia. Yako ni mashine, mshono ni wangu." Nikachukua kipande cha sabuni kavu, nikausugua mshono kwa ndani kama tunavyofanya kwenye mito ili manyoya yasichomoze. Akapuliza tena mpaka macho yakamtoka. Kitambaa cheusi kilibaki cheusi. Tukafunga, tukawasha. Ilinguruma sauti moja, nene, dakika moja, mbili, kumi. Mvi alichuchumaa mbele yake, mikono mashavuni, kama anatazama chungu kinachotokota. Mwishowe niliizima mimi, kwa kuhofia umeme.

Ijumaa ilibidi niende. Sebule ile ina makochi matatu na kabati la vyombo, mtu mmoja hawezi kusukuma na kufyonza. Nilijiambia nakwenda kwa ajili ya makochi.

Mama mkwe alikuwa kibarazani, kitambaa puani. "Nani huyo nyuma yako?"

"Fundi wangu," Mvi akajibu.

"Fundi wako namjua."

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba." Akatazama barabarani. Na mimi nikatazama barabarani. Hapakuwa na kitu.

Mvi alimwacha nje na kufunga mlango. Zulia lile, tangu niolewe nyumba ile, nililijua kuwa la rangi ya udongo. Mvi alipitisha mdomo wa mashine mara moja, akarudisha, akapitisha tena, kisha akazima ghafla. Tukainama wote wawili. Palikuwa na njia moja nyekundu, nyekundu kama pilipili iliyoiva, na katikati ya njia mguu wa ndege.

Tukawasha. Mfuko tulikwenda kuumwaga nyuma ya nyumba mara sita, kwenye ndoo ya maji ili vumbi lisiruke, na kila tuliporudi palikuwa na ndege wengine: wa bluu, wa kijani, wenye mikia mirefu. Nilisukuma makochi kama nina miaka ishirini. Jasho lilinitoka, na niligundua naimba.

Tulipopangusa na kufungua madirisha, Mvi akamwita mama yake. Aliingia kwa kuegemea mlango, akasimama, akashusha kitambaa puani.

"Jamani! Ni ndege!" akasema. "Miaka yote hii nimewasahau, nikidhani ni madoa ya chai."

Akacheka. Mimi na Mvi tulitazamana, maana tulijua kicheko chake kilivyo: kinaanza vizuri kisha kinageuka kikohozi mpaka mtu umshike mgongo. Tulisubiri. Kicheko kikaenda mpaka mwisho wake, kikaisha kama vicheko vya watu wengine. Mvi alilala kwa mama yake siku ile, na asubuhi akaniambia hakusikia mluzi hata mmoja kifuani.

Jumamosi pikapu ikaja. Nilikuwepo, nilikwenda kumalizia chini ya kabati, na hata kama nisingekuwa na la kumalizia ningekwenda. Kaka yake Mvi aliingia na kamba mbili mkononi, akaniona, akajifanya hajaniona.

"Mama, uko tayari?"

"Vua viatu."

"Tunaondoka, mama, dereva anasubiri."

"Vua viatu kwanza. Unakanyaga ndege."

Akavua. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa nje ya soksi, chote. Miaka kumi na tisa hakuwahi kutoka kwangu na soksi iliyotoboka. Niligeukia dirishani nipate pa kuweka uso.

"Daktari alisema vumbi la zulia," akaanza.

"Kaka, lipige," Mvi akamwambia.

"Nipige nini?"

"Zulia. Piga kwa kofi, hapo jua linapoingia."

Akainama, akapiga. Akapiga tena kwa nguvu zaidi, mpaka vikombe vikalia kabatini. Tulitazama ule mwanga wa dirishani sote wanne, na hapakuinuka kitu. Mama mkwe, kwenye kochi lake, alivuta pumzi ndefu, akaishusha polepole ili kila mtu aisikie.

"Mimi naishi hapa," akasema. "Mwambie dereva arudi."

"Basi na hizi kamba?"

"Kajifunge nazo," Mvi akasema.

Alikuwa bado anasema kitu mlangoni, amesimama mguu mmoja anatafuta tundu la kiatu, kuhusu wapangaji waliokwisha kuahidiwa, wakati Mvi alipochomeka plagi ya mashine na kubonyeza swichi.