Beringi Kwenye Sufuria

Wa kwanza kujua mashine inaumwa walikuwa punda. Pale Masakta akina mama walikuja na mahindi kutoka mbali, wakishusha mizigo punda wanalala kivulini nyuma ya ukuta wa mashine ya kusaga. Kelele zile walishazizoea. Wiki ile wakahama wote, wakaenda kusimama juani ng'ambo ya barabara.

"Punda wako wamesusa, bibi," nilimwambia mteja wangu mmoja wa siku nyingi, bibi wa kifugaji. "Wanataka mashine ya umeme."

"Wanasikia. Hiyo kitu yako inasaga meno."

Nikacheka. Mimi ndiye niliyeendesha mashine, nimeishia darasa la saba, lakini mdomo ulikuwa umefika chuo. Kesho yake mashine ikapiga yowe katikati ya gunia la mtu. Nikazima, nikagusa pale shafti, ule mhimili unaozunguka, inapokaa kwenye beringi, nikaacha ngozi ya kidole. Lile duara la gololi lilikuwa linacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.

Na halikuwa na hata mwezi. Nililifunga mwenyewe, tena kwa nyundo, kwa sababu liligoma kuingia na mimi nilikuwa na haraka ya kwenda kuangalia mpira. Ukipiga beringi nyundo, gololi zinajichimbia vishimo humo ndani, kuanzia hapo inajila yenyewe. Nilijua. Ila tajiri mwenye mashine nilimwambia beringi za siku hizi ni feki.

Tajiri alikuwa mzee mfanyabiashara wa Katesh. Mashine aliinunua ushirika ulipokufa na vitu vyake vikauzwa. Mkoa wetu wa Manyara ulikuwa mpya, mashine ilikuwa na umri wa baba yangu. Akatuma beringi nyingine kwa basi, na maneno akampa kondakta: "Mwambie hii ndiyo ya mwisho. Ikifa, nauza yote chuma chakavu, na yeye arudi kuchunga mbuzi."

Baba alishanifukuza kwenye mbuzi. Watatu walipotea nikiwa napiga stori.

Nilikumbuka fundi mmoja wa Katesh niliyewahi kumwoshea vyuma. Yeye beringi aliichemsha kwenye oili, inatanuka, inaingia kwenye shafti bila kupigwa. Mimi oili niliyokuwa nayo haijazi hata kikombe. Nikamwambia yule bibi, aliyekuwa amekaa na mahindi yake akisubiri.

"Mafuta ya kondoo hayafai?" akauliza. Alikuwa nayo kwenye kibuyu, anampelekea binti yake aliyejifungua Haydom.

"Bibi, hayo ni ya mzazi."

"Mzazi anataka na unga wa uji. Washa moto."

Tukabandika sufuria. Nikaining'iniza beringi kwa waya isiguse chini, akina mama wakasogea kuangalia mboga ya ajabu.

"Imeiva?" mmoja akauliza.

"Ionje chumvi," nikamwambia.

Bibi hakucheka. Alidondosha kitone cha unga uliolowa maji, akasikiliza. "Bado, hayajalia." Akadondosha tena, yakalia. "Toa sasa. Yakitoa moshi umeunguza."

Nikaitoa kwa matambara, nikaisukuma kwenye shafti. Ikafika nusu, ikasimama. Nilikuwa nimeiingiza upande. Chuma kinapoa huku nakiangalia, na mkono wangu, bila kuniuliza, ukaenda nyuma kutafuta nyundo. Haipo. Nikageuka. Bibi alikuwa ameikalia.

"Bibi, naomba nyundo."

"Ile ya kwanza uliipiga kama nyoka. Nilikuwa hapa, nilikuona."

Nikaichomoa beringi kwa nguvu zote kabla haijashika, nikairudisha kwenye sufuria. Mara ya pili nilipiga goti, nikailenga sawasawa na shafti, nikasukuma taratibu. Ikateleza mpaka mwisho kama mguu kwenye kandambili.

Tuliiacha ipoe, nikajaza grisi, nikarudisha mkanda, nikawasha. Mlio ulikuwa mmoja, mnene, hauna meno.

Bibi akasagiwa wa kwanza. Mafuta yaliyobaki kwenye kibuyu akampelekea binti yake, yale ya sufuria akayachukua kulainishia kamba za ngozi.

Tajiri alikuja siku chache baadaye. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku ananusa. "Mbona mashine inanuka supu?"

Nikamwambia yote, mpaka ya nyundo na mpira. Akaweka kiganja juu ya beringi.

"Haina moto," akasema. Kisha akachungulia nyuma ya ukuta. "Na hawa punda nani kawaruhusu kulala hapa?"

"Waache, mzee," nikasema. "Hao ndio mafundi."